Nyumba Iliyouzwa Siku ya Nne

Karatasi ya mahakama ilibandikwa mlangoni kwa gundi nyingi, na Bi Khole alikuwa amejaribu kuibandua kwa maji ya moto akashindwa. Mistari ya juu imechunika. Mistari ya chini ilisomeka vizuri: nyumba iwe tupu ndani ya siku kumi. Mpelelezi Wadha binti Marhun wa polisi ya Ibra aliitazama, akatazama saa yake, akabisha hodi. Siku tatu katika zile kumi zilikuwa zishapita.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Bi Khole, mkunga mstaafu wa miaka sitini na minane, aliinunua nyumba hii mwaka jana kutoka kwa mzee mmoja wa Sur aitwaye Sleyum bin Muhanna. Mzee hakufika mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi. Alikuwa ametoa wakala, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kuuza kwa niaba yake, na mtu huyo alikuwa mkwewe, dalali Taimur. Taimur akatia saini, akapokea thamani yote, na Bi Khole akapewa mulkiya, hati ya nyumba, yenye jina lake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mzee Sleyum alikuwa amezikwa Jumatatu ya wiki ileile, na mtu akifa, wakala aliyoitoa imekufa naye.

Warithi saba wa Sleyum walishitaki wakashinda. Lakini hakimu alimwachia mnunuzi upenyo mmoja, akawataka polisi wauchunguze kabla siku kumi hazijesha. Alitaka kujua nani, siku ile ya Alhamisi, alikuwa na habari kwamba mwenye nyumba ameshakufa. Kama Bi Khole hakujua, atahesabiwa mnunuzi wa nia njema, nyumba itabaki yake, na warithi watapambana na Taimur. Kama alijua, hana nyumba wala fidia, na itabidi aeleze kwa nini alinunua mali ya maiti.

Wadha alipewa kazi hiyo kwa sababu mbili. Alilelewa Fanja na bibi aliyerudi kutoka Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizima. Na hakuwa mtu wa kubembeleza. Wenzake walisema ana roho ngumu, naye hakuona sababu ya kukanusha.

Alitoa shikamoo, akajibiwa marahaba, akakaribishwa ndani. Kulikuwa na mtu mwingine, Maen, mtoto wa kaka yake Bi Khole, mwanamume wa miaka arobaini kasoro anayeuza bima za magari Nizwa. Mama yake alitoka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, cha kuokoteza. Alikaa karibu mno na shangazi yake, akijibu kabla hajaulizwa. Wadha akamwambia kwamba akifungua mdomo tena bila kuulizwa atamtoa nje akangoje juani. Maen akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Bi Khole alileta mkate wa kumimina na kahawa, kwa kuwa hata polisi ni mgeni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mikono yake safi kupita kiasi, kama ya watu waliofanya kazi hospitali maisha yao yote. Alieleza kwamba alikuja Oman mwaka wa sabini na mbili, msichana wa miaka kumi na saba, akasomea ukunga, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja. Mume alimwacha mapema na mtoto hakupata. Tangu hapo mpaka mwaka jana alikuwa akilala katika vyumba vya nyuma vya watu: kwa kaka, kwa mjomba, kwa mke wa kaka. Nusu karne hajapata kuhamisha hata kabati bila kuomba ruhusa. Vyumba vitatu hivi na ua wenye mlimau alivinunua kwa kiinua mgongo chake na dhahabu za mama yake.

"Habari ya kifo cha Sleyum uliipata lini?" Wadha aliuliza.

"Mpaka ilipokuja karatasi ya mahakama. Sikujua mie. Wallahi, sikujua."

Wadha akaandika. Aliandika pia pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba mama huyu alimtazama mpwa wake kabla ya kujibu.

Akauliza kwa nini mtu anayetoa mali yake yote kwa siku moja hakuchukua muhami, mwanasheria wa kumsomea karatasi. Bi Khole alistaajabu kama aliyeulizwa kwa nini hakwenda na bunduki.

"Muhami wa nini, mwanangu? Sleyum n'namjua tangu Unguja, baba yake na baba yangu mlango kwa mlango. Mwezi mmoja kabla ya yote haya alikuja hapa mwenyewe kunionyesha nyumba, yu hai, kakaa hapo ulipokaa weye. Tukasoma Fatiha ya mauzo. Kanambia, Khole, khalas, nyumba yako. Sasa mtu kasoma nawe Fatiha, umwendee na muhami? Si umemwita mwizi huko?"

Wadha alilijua jambo hilo, hata kwao Fanja lilikuwepo. Watu hawa wa Unguja waliosambaratishwa wakapoteza majumba, mashamba na makaburi ya wazee wao hawakubakiwa na kitu kikubwa cha kuaminiana isipokuwa kujuana. Mtu akikutajia jina la mtaa wa bibi yako, umeshamfungulia mkoba. Wangapi aliwaona wameibiwa kwa Kiswahili kizuri namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kwa mwenzake.

Kisha akamgeukia Maen, akamruhusu aseme. Maen alieleza kwamba shangazi yake alimwuliza, kabla ya kununua, kama ipo bima ya hati za nyumba, maana alisikia nchi nyingine mnunuzi huikatia bima hati yake, mwenye mali mwingine akizuka alipwe. Yeye akamwambia hapa watu wanakatia bima gari lisigongane na ngamia. Mulkiya ina muhuri wa serikali, hiyo yenyewe ndiyo bima.

"Na muhami? Ulimshauri nini?"

"Muhami ni ya watu wana ugomvi. Karatasi yote ilikuwa sawa. Mulkiya sawa, wakala sawa, kuroki, ile ramani ya kiwanja, sawa. Mimi mwenyewe nilicheki kila kitu."

"Ulicheki kama mwenye nyumba anapumua?"

Bi Khole akasema kwa sauti ya chini kwamba kahawa inapoa.

Walipomaliza, Wadha alibeba sinia mwenyewe mpaka jikoni, kama afanyavyo mgeni wa kike mwenye adabu. Alikuwa na adabu, lakini hiyo haikuwa sababu. Jikoni ndiko watu husahau kupanga uongo wao. Hakuona kitu, ila vyombo vilivyofudikizwa kukauka, na chini ya kila kimoja, sahani, bakuli, hata mfuniko, nukta tatu za rangi nyekundu ya kucha zimepangwa kwa pembe tatu. Bibi yake alikuwa akitia mstari wa kijani. Wanawake wote wa Kiunguja wenye adabu zao huweka alama, maana vyombo husafiri kwenda harusini na misibani, na lazima vijue njia ya kurudi kwao.

Asubuhi ya pili alikwenda Ras al Hadd kumwona Taimur.

Dalali huyo alikuwa ameigeuza thamani ya nyumba ya mkwewe kuwa vyumba sita vya wageni wanaokuja kutazama kasa wakitaga. Rangi bado ilikuwa mpya. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mchangamfu, mwenye kuita kila mtu ndugu yangu, na alimpokea Wadha mbele ya watalii wawili waliokuwa wakinywa chai kibarazani. Alitaka wakazungumzie ndani. Wadha akavuta kiti akakaa pale pale.

Taimur alisema wiki ile ya msiba alikuwa huku pwani akisimamia mafundi. Simu ilimharibikia, na yeye na mkewe Lamees, binti wa marehemu, walikuwa wamenuniana. Habari ya kifo alipewa Ijumaa, na Alhamisi keshauza, kwa nia safi kabisa. Alilisema vizuri, kwa mpangilio, na mwisho akaweka mkono kifuani.

Wadha alitoa karatasi ya kampuni ya simu akaikunjua juu ya meza, katikati ya vikombe. Jumatatu ile simu iliyoharibika ilipokea miito thelathini na mmoja kutoka kwa mkewe. Wa kumi na nne ulijibiwa, ukachukua dakika sita.

"Dakika sita mlizungumza nini na mtu mliyenuniana? Hali ya hewa?"

Watalii hawakujua lugha, ila walielewa uso wa mwenyeji wao. Mmoja alisogeza kikombe chake pembeni. Taimur aliitazama karatasi kwa muda mrefu, na ule uchangamfu ukamtoka wote, akabaki mzee.

"Zen, haya. Nilijua," alisema. "Lakini sikumdanganya mtu mie. Muulize Khole."

"Nimuulize nini?"

Hakutaka kuongeza. Wadha alijaribu mara tatu, kwa upole mara moja na kwa ukali mara mbili, na kila mara alijibiwa neno lile lile, muulize Khole. Hakulitia maanani sana. Katika miaka kumi na mitano ya kazi hajakutana na dalali aliyekamatwa asiyetafuta mtu wa kuzama naye. Alimnyang'anya pasipoti mbele ya wageni wake, akamwambia ajitayarishe kulala ndani. Alipokuwa akipanda gari alimwona Taimur amekaa kwenye kile kiti alichokiacha, na watalii wameshaondoka kibarazani.

Hata hivyo neno likisemwa mara nne huandikwa, na likiandikwa hukaguliwa. Njiani kuelekea Sur aliwapanga washukiwa wake upya. Taimur alijua, hilo limekwisha. Wa pili kumtilia shaka alikuwa Nasr, mtoto mkubwa wa marehemu. Nasr alipeleka habari ya kifo maofisini Jumapili iliyofuata, siku sita baada ya maziko. Mtu anaweza kumfukia baba yake kimya kimya, akaacha nyumba iuzwe, thamani ikaingia kwa shemeji wakagawana, kisha akaja na cheti cha kifo kudai na nyumba pia. Wadha aliwahi kukuta mabaya kuliko hayo katika familia zenye sifa nzuri kuliko hiyo.

Alimkuta Nasr nyumbani, mguu wake mmoja umefungwa bandeji mpaka gotini. Alimsomea tuhuma bila kuizungusha. Nasr akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita dada yake Turkiya alete faili la hospitali. Siku tatu za kwanza alikuwa amekaa akipokea taazia. Alhamisi sukari ilimwangusha, akalazwa, na usiku uleule wakamkata vidole viwili vya mguu. Ijumaa na Jumamosi ofisi zimefungwa. Jumapili alikwenda na magongo. Tarehe zilikuwepo, mihuri ilikuwepo, na vidole havikuwepo. Wadha akafuta jina lake, wala hakuomba radhi.

Aliomba kuzungumza na Turkiya peke yake, jikoni. Alimuuliza ni nani walikuja kutoka Ibra upande wa wanawake. Turkiya alisema walikuja zaidi ya mia kwa siku tatu, na yeye alikuwa hajijui hajitambui. Walimshika mikono, wakamlisha uji, na leo hawezi kuapa kwamba alimwona hata jirani yake. Anakumbuka tu kwamba Jumanne, siku ya pili, lilikuja basi dogo la wanawake kutoka Ibra, wakasoma hitima, wakaondoka kabla ya alasiri.

"Na nina aibu yao mpaka leo," aliongeza.

Akafungua kabati la juu, akateremsha bakuli kubwa la kauri, jeupe lenye maua ya buluu ukingoni. Lilikuja na maandazi siku ile ya basi. Mwenyewe hamjui, na alama ameitazama mara nyingi bila kuitambua. Alilipindua amwonyeshe. Nukta tatu nyekundu, kwa pembe tatu.

Wadha alimuuliza kama ana hakika ya siku. Turkiya alisema ana hakika, kwa sababu Jumatano walipika wenyewe wali wa kumalizia msiba, wakawaambia watu wasilete tena chakula. Kisha akamuuliza mpelelezi, kwa haya, kama Ibra anawajua watu, huenda akaijua alama ile.

"Ninaijua," Wadha alisema. "Nitampelekea mwenyewe."

Alinyoosha mkono alichukue. Turkiya hakulitoa. Alisema haiwezekani, chombo kilichokuja msibani hakirudi kitupu, na hiki kimekaa miezi kumi na minne, afadhali kirudi kimejaa. Akalisuuza, akalipangusa, akalijaza tende mpaka juu, akafunika kwa kitambaa. Kanuni zilimtaka Wadha alitie bakuli kwenye mfuko kama kidhibiti cha kesi na kuufunga kwa lakiri. Alisimama akatazama tende zikipangwa moja moja, na hakumzuia. Aliona zitamfaa.

Aliingia Ibra siku iliyofuata adhuhuri, baada ya kupita Al Qabil kupata saini ya dereva wa lile basi. Dereva alikumbuka safari, hakukumbuka nyuso. Haikuwa na neno.

Bi Khole alimfungulia mwenyewe. Maen alikuwa ndani, safari hii na begi la karatasi, kwa kuwa zilibaki siku tano na mtu wa bima huanza kupanga. Wadha hakukaa. Alilinyoosha bakuli kwa mikono miwili.

"Turkiya binti Sleyum anakusalimia. Anaona haya limechelewa."

Bi Khole alilipokea. Alilipokea kama alivyopokea vyombo vyake maisha yote, kwa mikono miwili, akafunua kitambaa, akaona tende, akasema Mungu amjaze kheri mtoto yule, kumbe ana adabu. Ndipo mikono yake ikasimama. Alikuwa amekwisha kulipokea bakuli lake kutoka msibani kwa mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakujua kama amekufa.

Maen ndiye aliyefahamu wa pili. Alisema bakuli kama hiyo iko mingi sokoni. Wadha akamwambia aende jikoni apindue chombo chochote, kisha arudi aseme tena. Hakwenda. Akajaribu njia nyingine: bakuli aliazima jirani, jirani ndiye alikwenda Sur, shangazi yake hakuulizwa linakwenda wapi. Alisema hayo akimtazama Bi Khole machoni, kila neno akilitamka polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kwenda shule.

Wadha alivuta kiti, akaweka fomu mezani, akafungua kalamu.

"Mpwa wako kakupa maneno mazuri," alimwambia Bi Khole. "Ukiyasema, nitayaandika kama yalivyo. Jirani aliazima, jirani alikwenda. Jumapili utakwenda mbele ya hakimu, utakula yamini, utayarudia. Mimi sina shahidi aliyekuona kwa macho. Huenda ukabaki na nyumba."

Yote hayo yalikuwa kweli, na Wadha aliyasema kwa sababu alishamjua mtu aliye mbele yake. Mlango aliomfungulia ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa na hakika kwamba mwanamke huyu hatapita.

Bi Khole aliliweka bakuli sakafuni, akakaa. Maen alimwita, shangazi, shangazi, mara mbili. Hakumtazama.

"Uongo nimeshausema mara moja kwako, na usiku kucha sikulala," alisema. "Kwa yamini siwezi. Nilikwenda mwenyewe."

Baada ya hapo aliyatoa yote bila kuulizwa. Habari ya kifo aliipata Jumatatu mchana. Alilia kweli, maana Sleyum alikuwa mtu wa mwisho Oman aliyemjua baba yake kwa sura. Usiku alikanda maandazi, Jumanne akapanda basi na wenzake. Alipotoka baada ya hitima, Taimur, aliyekuja kimya kimya bila kuingia ndani, alimvuta pembeni, kwenye geti. Alimwambia kwamba warithi ni saba, wakianza makaratasi ya mirathi nyumba itakwama miaka, kila mmoja na bei yake. Wakala anayo mkononi, ina muhuri, hakuna anayejua bado maofisini. Wamalize Alhamisi. Fatiha si imeshasomwa na mwenyewe? Ni kumtimizia marehemu neno lake tu.

Aliamini. Fatiha kwake ilikuwa ndiyo mauzo, na kazi ya ofisini ni kupiga muhuri jambo lililokwisha. Neno la marehemu likiachwa linaning'inia humtaabisha kaburini, hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na wa kwake. Kwamba karatasi hufa na mtu, hilo hakuna aliyemfundisha. Na kama angemwuliza Turkiya ndani ya nyumba, siku ile, katikati ya msiba, habari ya nyumba ya baba yake, ingekuwa aibu isiyosemeka.

Wadha aliandika mpaka hapo, akainua kalamu.

"Hilo la kumtimizia marehemu nimelielewa. Lakini wewe mwenyewe, pale getini, uliogopa nini?"

Maen alisema swali hilo halina haja. Wadha hakumjibu, alingoja tu. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Niliogopa watoto wake watapandisha bei," Bi Khole alisema. "Au watakataa. Nikasema, nitarudi tena vyumba vya nyuma."

"Kwa hivyo ulimshika mkono Turkiya ndani, ukatoka ukakubaliana nje."

"Aiwa."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Ndivyo ilivyokuwa."

Aliandika. Kisha akarudi juu ya fomu, kwenye kisanduku cha kwanza, ambapo siku ya kwanza, akimhesabu Bi Khole kuwa aliyedhulumiwa, aliandika mlalamikaji. Alilikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika mtuhumiwa. Akaeleza kwa sauti ile ile ya kusoma kanuni kwamba Taimur atashitakiwa kwa kuuza mali ya warithi, na Bi Khole atashitakiwa pamoja naye, kwa kununua huku akijua. Taimur alisema kweli: huyu mama hakudanganywa, na kwa kuwa hakudanganywa hana la kumdai. Kilichoingia katika vyumba sita vya Ras al Hadd hakitarudi kwake. Siku tano za kuhama ziko pale pale. Maen atahojiwa peke yake kuhusu aliyemfundisha shangazi yake kusema hakujua.

"Huyu mwache," Bi Khole alisema. "Alitaka kunisaidia."

"Simwachi."

Maen alikuwa ameinamisha kichwa juu ya begi lake la karatasi. Alianza kusema kwamba sasa watachukua muhami, yeye anamjua mmoja mzuri sana Nizwa, atampigia leo leo.

Bi Khole aliisoma fomu yote, taratibu, kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza hakushika kalamu.

"Nikuulize, mwanangu. Siku ile Jumanne, ningetoka Sur nikapita kwa muhami. Angenambia nini?"

Wadha angeweza kusema hajui. Mtu mwingine angesema hivyo.

"Angekwambia ungoje. Warithi watoe hati ya mirathi, watie saini wote saba, ndipo ununue. Nimemuuliza Nasr jana. Hawakuwa na kinyongo. Wangekuuzia kwa bei ile ile ya baba yao, kwa sababu ya Fatiha."

"Ningengoja muda gani?"

"Miezi mitatu. Minne ukizidi."

Bi Khole aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa hesabu na kuiona iko sawa. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Miezi minne ningengoja," alisema.

Wadha alimsogezea fomu na kumwonyesha mahali. Saini moja chini, na nyingine ndogo pembeni ya neno lililokatwa, kuthibitisha kwamba limekatwa mbele yake. Bi Khole alizitia zote mbili, kwa mwandiko safi wa hospitali, kisha akauliza kama aje na dawa zake za presha au huko mahabusu watampa.